Mlinzi wa geti kupewa kazi ya trafiki

Ghala moja la dagaa pale Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, lina mitandao miwili: wa ofisi juu, wa kamera na mizani chini. Mwenye mali alitaka karani aone kamera akiwa mezani kwake, basi. Fundi mwenzangu akachukua kompyuta kuukuu, akaiwekea pfSense, programu ya faiawoli, yaani mlinzi anayechuja kinachopita kwenye mtandao. Nikamwuliza, faiawoli ya nini wakati unatafuta ruta, ya kupitisha tu toka mtandao mmoja kwenda mwingine? "Ni ya bure, halafu naijua."

Jibu hilo si la kupuuzwa. pfSense, kama ndugu yake OPNsense, inakaa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, na kupitisha pakiti (vipande vya data) toka kadi moja ya mtandao kwenda nyingine ni kazi ndogo hata kwa kompyuta iliyochoka. Unapata grafu na kumbukumbu za aliyegonga na aliyekataliwa. Siku bosi akitaka kamera zifichwe, hununui kitu.

Shida ni tabia yake. Ruta ikiijua njia, inapitisha. Faiawoli inataka ikuone ukienda na ukirudi. Kadi moja tuliipa intaneti, ya pili ofisi. Kamera zikabaki nyuma ya ruta ya zamani iliyochomekwa kwenye swichi ileile ya ofisi. Ping, jaribio la kuona kama kifaa kinajibu, ikapita safi. Karani akifungua kamera, ukurasa unaanza kuja, kisha unaganda. Tukabadilisha waya, tukalaumu kamera, jioni ikaisha. Kumbe ombi la karani lilipitia pfSense, lakini jibu lilitoka ruta ya zamani likaenda kwake moja kwa moja. pfSense ilisikia nusu ya mazungumzo, ikayakata.

Tukaongeza kadi ya tatu, ruta ya zamani tukaihamishia huko na kuionyesha njia ya kurudi ofisini. Kamera zikaonekana. Mizani nayo ikaacha kutuma uzito! Kadi ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani, kwetu ile ya ofisi, huja na ruhusa yake tayari. Kadi ya kuongeza haina hata moja, kwa hiyo chochote kinachoanzia upande huo kinazuiwa kimyakimya.

Wapo wanaosema zima uchujaji wote, tiki moja tu. Kweli, unabaki na ruta tupu. Ila NAT, inayowezesha kompyuta nyingi kutumia anwani moja ya intaneti, nayo inazimika, na kwa kuwa intaneti ya ofisi ilipitia humohumo, ingekatika. Mimi ningeacha uchujaji ukiwa umewashwa, kila upande wa ndani niuandikie ruhusa ya wazi, nibane baadaye. Na kama najua sitabana kamwe, ningenunua ruta ndogo inayokula wati chache. Kompyuta ya mezani inawaka usiku na mchana, na umeme wa LUKU hauna huruma.

Mwenzangu hakubali. Kompyuta iko chini ya ngazi mpaka leo, feni inavuma, na vumbi la dagaa limeshaanza kuingia.