Kazi Tatu, Dada Mmoja

Miezi kumi na nne nimezunguka na bahasha ya kaki mpaka mlinzi wa geti moja pale Posta akawa ananiuliza hali ya watoto. Kimya. Wiki hii zimeita kazi tatu kwa mpigo! Kama maji ya mgao: mchana kutwa bomba linapuliza upepo, yanakuja saa nane usiku na ndoo zote umemwazima jirani.

Ya kwanza ipo mjini, milioni moja na laki mbili. Nikamnyanyua Mama Nasra kwa furaha, kiuno kikalia. Halafu nikashika kalamu, hapo ndipo nilipokosea. NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 10: laki na ishirini. Kodi ya mshahara, 152,000. Mkopo wa chuo, ule niliolia chipsi mayai nikidhani serikali imenipenda tu, asilimia 15: laki na themanini. Nimebaki na 748,000 na sijatoka hata nyumbani Chanika, mbali huko pembezoni mwa Dar. Naondoka alfajiri watoto wamelala, narudi usiku wamelala. Hamisi ataniita mjomba.

Ya pili ni kiwandani, zamu ya usiku. Sheria inasema wa usiku aongezwe asilimia 5. Tano! Mchana nilale wapi, na jirani ni fundi wa kuchomelea mageti?

Ya tatu Dodoma. Shemeji anasema, "Si kuna treni ya umeme, nauli 31,000 tu." Tu! Wikendi nne, kwenda na kurudi, ni 248,000. Yeye huyo hajarudisha hela yangu ya Idi.

Tukaitisha kikao. Mama Nasra anauza vitenge Kariakoo, anafika nyumbani saa mbili usiku hoi, akasema "nyie amueni" akasinzia. Dada wa kazi alikuwa pembeni anachambua mchicha, hata uso hakuinua.

"Baba Nasra, ya kiwandani hapana. Ukilala mchana hawa nitawaziba midomo na nini? Ya mjini, ukizidisha saa mbili usiku, na mimi niongezwe. Dodoma nenda, ila simu iwe hewani, Hamisi akigoma kula nakupigia hukohuko kikaoni."

Nikajiuliza, hivi hapa mwajiri ni nani? Kule kwenye usaili hakuna aliyeuliza kama nina watoto. Waliuliza tu kama naweza kazi za presha. Mtu niliyemvisha Hamisi viatu gari la shule likipiga honi!

Usiku nikakata shauri: ya mjini. Asubuhi, kabla sijafungua mdomo, dada akanifuata na simu mkononi.

"Baba Nasra, samahani. Nimepigiwa, kuna kazi Mbezi Beach na nyingine Goba. Ya Goba wana mashine ya kufulia. Hebu nishauri."

Nikamwambia akae kwanza. Nikaenda kutafuta kalamu.