Usiniambie Tu "Soma Kadi"

Kuna jibu ambalo kila mgeni wa michezo ya kadi ya Magic: The Gathering, Pokémon au Yu-Gi-Oh! hupewa anapouliza kadi fulani inafanyaje kazi: soma kadi. Waliobobea hulitoa kwa tabasamu la kejeli, kana kwamba aliyeuliza ni mvivu wa macho. Mimi naliona ni jibu nusu. Kadi nyingi zenye masharti ya pekee hazijielezi hata ukizisoma mara kumi. Zimeandikwa kwa mkato, kwa mtu ambaye tayari anazijua kanuni ambazo hazikuchapishwa juu yake, na mgeni bado hajawa mtu huyo.

Chukua Blood Moon ya Magic. Maandishi yake yote ni maneno manne: "Nonbasic lands are Mountains." Yaani kila ardhi (kadi inayotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine) isiyo ya msingi ni Mountain, ardhi ya msingi inayotoa mana nyekundu. Mgeni anaisoma, anaitazama ardhi yake inayotoa mana ya buluu au ya kijani, anajisemea: haya, sasa ni Mountain pia, basi nina rangi tatu. Hakuna neno hata moja kwenye kadi linalomkatalia. Kinachomkatalia ni kitabu cha kanuni, kinachosema kwamba ardhi ikibadilishwa aina na kufanywa mojawapo ya zile aina za msingi, hupoteza uwezo wote ulioandikwa juu yake na kubaki na uwezo wa kutoa mana ya aina hiyo mpya tu. Kwa hiyo buluu hakuna, kijani hakuna, kuna nyekundu peke yake. Halafu kuna la kushangaza zaidi: ardhi hiyo haijawa ya msingi. Jina lake ni lilelile, na kadi inayokuruhusu kutafuta ardhi ya msingi kwenye deki bado haiihusu. Sasa niambie, yote hayo mtu angeyasoma wapi katika maneno manne?

Wengine watajibu kwamba ipo kanuni kuu, ile inayosema kadi ikipingana na kitabu, kadi ndiyo inayoshinda. Ni kweli, ipo katika Magic na ipo katika Pokémon, na bila hiyo michezo hii isingekuwepo. Deki ya Magic ya kawaida hairuhusu nakala zaidi ya nne za kadi moja, ukiacha ardhi za msingi, lakini Relentless Rats inajiandikia yenyewe kwamba unaweza kuweka panya hao kwa idadi yoyote unayotaka. Kitabu kinainamisha kichwa, panya wanajaa deki. Shida ni kwamba watu huikariri kanuni hiyo na kuishia hapo. Wanaisahau ile inayoifuata mara moja: kadi moja ikisema unaweza na nyingine ikasema huwezi, "huwezi" ndiyo inayosimama. Haijalishi ipi ilitangulia mezani wala ipi ilitumia mana nyingi. Nimeona ubishi mrefu ukizimwa na mstari huo mmoja.

Na hata kanuni kuu ina mpaka. Platinum Angel inasema huwezi kushindwa na wapinzani wako hawawezi kushinda. Akiwa mezani, unaweza kufikia uhai hasi na mchezo ukaendelea. Lakini mchezaji akiamua kujisalimisha, ameshindwa papo hapo, malaika awepo asiwepo. Kanuni ya kujisalimisha haiguswi na kadi yoyote. Naipenda sana hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba waandishi wa kanuni walikaa wakafikiria mtu wa kweli mwenye haki ya kuinuka kitini na kwenda zake.

Sehemu inayowachanganya wengi, kwa maoni yangu, ni maneno yanayoonekana ya kawaida ilhali yana kazi maalumu. Kiumbe asiyeharibika katika Magic, mwenye neno "indestructible", mgeni humchukulia kuwa hafi kabisa. Sivyo. Kinachozuiwa ni kitendo cha kuharibu tu: kadi inayosema haribu, na madhara yanayotosha kuua. Ukimlazimisha mwenye kiumbe huyo kumtoa kafara, anaondoka. Ukimshusha ukakamavu (toughness) hadi sifuri, anakwenda makaburini, kwenye rundo la kadi zilizokwisha. Ukimfukuza nje ya mchezo, amekwenda. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitwa kuharibu, ingawa kwa macho ya binadamu matokeo ni yaleyale, kiumbe hayupo.

Neno "target", yaani mlengwa, nalo lina tabia hiyohiyo. Kiumbe mwenye "hexproof" hawezi kulengwa na mpinzani, lakini kadi inayoharibu viumbe wote haimlengi mtu. Haina neno hilo, basi inapita. Kuna pia "instead", neno ambalo kwangu ni hatari kuliko yote. Rest in Peace inasema kadi ambayo ingekwenda makaburini ifukuzwe nje badala yake. Mpinzani anaona kiumbe chake kimeuawa, anaanza kutangaza kile kinachotokea kinapokufa. Hakijafa. Kufa maana yake ni kutoka mezani kuingia makaburini, na makaburini hakikufika hata nukta moja. Tukio halikutokea likafutwa. Limebadilishwa kabla ya kutokea. Ukishaishika tofauti hiyo, mamia ya kadi zinafunguka kwa mpigo, pamoja na zile ambazo hujawahi kuziona.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Mgeni hahitaji kukaririshwa hukumu ya kila kadi. Kadi ni maelfu kwa maelfu na mpya zinatoka kila msimu. Anahitaji sarufi: neno gani linafanya kazi gani, na alama gani inatenganisha nini.

Konami, kampuni inayotengeneza Yu-Gi-Oh!, walilielewa hilo mwaka 2011 walipoanza kuziandika upya kadi zake kwa mtindo mmoja. Tangu hapo, kilicho kabla ya nukta pacha ni sharti au wakati wa kuitumia kadi. Kilicho kabla ya nukta mkato ni gharama au kulenga, na kinafanyika palepale unapoiwasha. Kinachobaki baada ya nukta mkato hufanyika mnyororo wa kadi zilizojibizana unapotatuliwa, ukianzia kwa kadi ya mwisho kurudi nyuma. Maana yake ni nini mezani? Umetupa kadi moja mkononi kama gharama, mpinzani akabatilisha athari yako. Ile uliyotupa hairudi. Jibu limo katika nukta mkato, na asiyeijua atabishana mpaka mwamuzi aitwe.

Mtindo huohuo ukaacha mtego mmoja wa zamani, na kwa huo siwasamehe. Athari ya hiari inayoanza kwa "When" na kufuatiwa na "you can" inataka tukio lake liwe ndilo la mwisho kabisa kutokea. Ukimtoa zimwi kafara ili umwite mwingine mkubwa, la mwisho kutokea ni kuitwa kwa yule mkubwa, si kwenda kwa yule mdogo makaburini. Fursa imepita. Kadi ileile ingeandikwa "If" badala ya "When", ungeitumia bila tatizo. Neno moja dogo kila upande, na mtu wa kawaida anayeyatumia kila siku haoni tofauti yoyote. Nani angeambiwa "soma kadi" akaibua hilo kichwani mwake? Zaidi ya hayo kuna "mara moja kwa zamu". Ikiandikwa peke yake, kila nakala mezani ina mara yake. Ikiandikwa kwamba unaweza kutumia athari hii ya kadi yenye jina fulani mara moja tu kwa zamu, nakala zako zote zinagawana mara hiyo moja.

Pokémon husifiwa kuwa rahisi, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Kadi za "ex" za kawaida zina kisanduku chini kinachomwambia kila mtu kwamba ikipigwa ikaanguka, mpinzani anachukua kadi mbili za zawadi. Kadi za ACE SPEC zinajitangaza zenyewe kuwa ni moja tu kwa deki nzima. Hapo kweli kadi inajieleza, na nawapongeza. Lakini tazama kinachotokea Dragapult ex anapotumia Phantom Dive. Anampiga aliye mbele madhara 200, kisha anaweka kete sita za madhara kwa walio kwenye benchi la mpinzani, azigawe apendavyo. Mpinzani ana Manaphy mwenye uwezo wa kuzuia madhara yote ya mashambulizi kwa walio benchini. Anatulia. Sekunde mbili baadaye kete sita ziko benchini kwake na hakuna kilichozuiwa, kwa kuwa kuweka kete si kupiga madhara. Kete moja ni sawa na madhara 10 katika hesabu, lakini katika kanuni ni vitu viwili tofauti. Udhaifu wa anayewekewa hauziongezi, ukinzani wake hauzipunguzi. Kadi zote mbili zilisomwa, zote mbili zilieleweka vibaya.

Kisha kuna kadi ambazo ukizisoma zinakupotosha waziwazi. Lightning Bolt ya Magic ya mwaka 1993 imeandikwa kwamba inapiga madhara matatu kwa mlengwa mmoja, bila kusema mlengwa gani. Ukiwa nayo leo, maandishi yanayohesabika si yale yaliyo mkononi mwako, ni yale rasmi yaliyo kwenye Oracle, hazina ya maandishi ya sasa ya kadi za Magic. Kadi mbili zenye jina moja, zilizochapwa miaka 20 mbali, zinafanya kazi sawa hata kama maandishi yake hayafanani. Na hayo maandishi mafupi ya mlazo yaliyo kwenye mabano? Ni ukumbusho tu. Hayana nguvu yoyote ya kanuni, ingawa kwa mgeni ndiyo yenye msaada kuliko yote.

Wala si kosa la wachezaji wa siku hizi. Richard Garfield, aliyeubuni mchezo wa Magic, amesimulia kadi ya majaribio iliyoandikwa "Opponent loses next turn", kwa maana kwamba mpinzani anapoteza zamu ijayo. Aliyeishika akaona ina nguvu za ajabu kupita kadi zote: kumbe aliielewa kwamba mpinzani atashindwa mchezo ifikapo zamu hiyo. Kadi ikaandikwa upya ikawa Time Walk, inayokupa wewe zamu ya ziada. Aliyekuwa akisoma hapo ni mtu aliyeujua mchezo kabla haujafika dukani.

Programu kama Magic Arena, Master Duel na Pokémon TCG Live zimepunguza ubishi, kwa sababu kompyuta ndiyo mwamuzi. Zimeleta tatizo jipya hata hivyo. Kadi yako haiwaki, huwezi kuibonyeza, na hakuna anayekuambia sababu. Mchezaji anadhani programu ina hitilafu, analalamika, anaendelea, na mechi ijayo anarudia mpango uleule. Ningetamani kadi isiyowaka iguswe na itaje kanuni inayoizuia, kwa mstari mmoja tu. Kompyuta inaijua kanuni hiyo tayari, ndiyo maana imeizima kadi.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mtu akikuuliza kadi inafanyaje kazi, msomee wewe kwa sauti na usimame pale penye neno lenye kazi. Mwonyeshe kwamba hapa kuna kulenga, hapa hakuna. Hii ni gharama, hii ni athari. Hili linabadilisha tukio, lile linasubiri tukio liishe. Haichukui dakika mbili, na kadi inayofuata ataisoma peke yake.