Mtalii wa Ndani na Gunia la Parachichi

Watu wakikusimulia likizo zao huishia katikati. Hawafiki kwenye zile siku za mwisho, hela imekwisha, nguo safi zimekwisha, na simu za nyumbani ndiyo kwanza zinaanza kuita. Hakuna anayeuliza mmeona nini. Wanauliza mnarudi lini, na mkirudi mnakuja na nini.

Mie na Mama Salma likizo yetu tuliifanyia Arusha, mwezi wa saba. Sisi watu wa Tanga. Kwetu mtu akijifunika blanketi majirani wanakuja kumpa pole ya homa. Arusha ipo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba hizo mita unazihisi zote magotini. Na mie ni fundi majokofu! Baridi ndiyo iliyomsomesha Salma, siwezi kuitukana. Lakini ya kwangu ina kitufe, ukitaka unaipunguza. Hii ya Chuga, yaani Arusha, imeachiwa tu. Pale gesti walituwekea friji chumbani. Nikaifungua kwa mazoea ya kazi, nikatia mkono. Ndani kulikuwa na joto kuliko kitandani.

Maji ya moto nayo mhudumu alituapia yapo. Ni kweli yapo. Yanakuja saa nane usiku, yanakaa kidogo, yanaondoka zake.

Sasa kwa zile siku za mwisho nilikuwa na mpango wangu, mdogo tu. Kukaa. Nitafute kibaraza chenye jua, niagize chai ya maziwa, nitazame watu wa mjini wanavyokimbizana. Mama Salma akanitazama toka kofia mpaka viatu. "Baba Salma, hatukupanda basi kuja kukaa. Kukaa hata kwetu Makorora kupo."

Basi tukatoka. Kwanza Mnara wa Saa, maana hakuna anayekubali kwamba umefika Arusha mpaka umepiga picha na ile saa. Wanasema pale ndipo katikati ya Cairo na Cape Town. Mimi niliyoyaona pale ni magari yanayozunguka bila huruma na mwanamke mmoja aliyeniambia nirudi nyuma kidogo, tena kidogo, tena kidogo, mpaka bodaboda akanipigia honi ya sikio.

Na pale mnarani ndipo nilipodhalilika. Kila siku redioni tunahimizwa utalii wa ndani, utalii wa ndani. Haya, wa ndani tumekuja. Pale wamejaa vijana wa kuuza safari za Serengeti na Ngorongoro, batiki, bangili, ramani. Akipita Mzungu wanamfuata mpaka anavuka barabara ambayo hakukusudia kuivuka. Nami nikapita, kofia ya jua kichwani, begi kifuani, mwendo wa pole, nikarudi, nikapita tena. Hakuna aliyenisumbua! Mtu mzima nimekuja kwa nauli yangu, sistahili hata kusumbuliwa? Mwishowe mmoja akanijia. Nikajiweka sawa, nikaandaa uso wa kukataa.

"Shikamoo mzee. Stendi mmeipita, ni kule chini."

Mama Salma hakuniona nilivyoumia kwa sababu alikuwa ameganda kwenye kioo cha duka la vito. Tanzanite. Hicho kitu kinachimbwa sehemu moja tu duniani, Mirerani, kule Simanjiro, si mbali na hapo, kwa hiyo Arusha maduka yake hayahesabiki. Na mke wangu habari za tanzanite amezihifadhi. Anajua kwamba mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na kwamba jiwe kubwa lilikuwa na kilo 9.27. Hizo nukta ishirini na saba nazo anazijua. Ada ya Salma akiulizwa anasema "muulize baba yake".

"Yule aliyachimba mwenyewe?" akaniuliza, macho bado kiooni.

"Ana mgodi wake, ndiyo."

"Kumbe wanaume wengine wanachimba."

Nikamvuta taratibu tukaenda ninapopataka mie, Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni karibu na Mnara wa Mwenge. Hapo nilifaidi. Pana utulivu, pana picha za Mwalimu, na hakuna anayeuza kitu. Nikakumbuka darasa letu la uraia, mwalimu na fimbo yake, sisi tunaimba: ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Nikamgeukia Mama Salma kwa ushindi. "Umeona? Vitu vinne. Hela haimo."

Akafungua pochi, akatoa karatasi yake. "Kwenye hii imo."

Hebu fikiria lakini. Azimio limetangazwa Februari 1967, nchi nzima inaandamana kwa miguu kuliunga mkono, usawa, kujitegemea. Mwaka huohuo, hata haujaisha, ardhi ikatoa tanzanite. Kama si kutaka kuwajaribu wenye ndoa ni nini?

Karatasi ya Mama Salma sasa. Mama mkwe: parachichi za Arusha, kubwa, zisizo na nyuzi. Shemeji: jaketi zito. Salma: shanga za Kimasai. Jirani wa kushoto: makatambuga. Jirani wa kulia: shuka la Kimasai jekundu, lenye mistari myeusi, si bluu. Mzee wa kijiweni: kahawa.

Nikauliza kwa heshima zote. Tanga Wamasai wako kila kona. Wanauza makatambuga barabara nzima, wanalinda maduka, wanasuka kinamama, wanauza dawa ya mgongo. Yupo mmoja anakuja mpaka kwenye karakana yangu, ananibembeleza ninunue shuka, mie namfukuza. Leo nisafiri kutwa nzima kwenye basi, nimnunulie jirani shuka la kumrudishia kulekule? Mama Salma akasema si sawa, la huku limenunuliwa huku. Hapo mjadala ukafungwa.

Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Nilitembea na wazo la kwenda kushtaki huko kwa muda, mfuko wa makatambuga bega hili, kahawa bega lile. Tatizo kule hawapokei shauri mpaka uwe umemaliza ngazi zote za nyumbani, na nyumbani ngazi ya juu ni mama mkwe.

Jaketi tulilitafuta Samunge, kwenye mitumba. Wallahi kwa majaketi Arusha imebarikiwa, Ulaya nzima imevuliwa ikaletwa pale. Kijana wa kibanda, umri wa mwanangu, akanipokea, "Niaje chalii yangu!" Akanivalisha jaketi lenye manyoya shingoni, akafunga zipu mpaka kidevuni, akarudi nyuma kunitazama akapiga makofi. Nikamwambia anayelitaka anakaa Tanga. Akanyamaza. Akaniuliza kama mtu huyo anaumwa. Nikasema hapana, anataka kupigia picha. Akapandisha bei.

Chakula sikilalamikii sana, ingawa nitalalamika kidogo. Watu hawa ndizi wanaipika na nyama! Mtori, machalari, kila unapokaa ndizi imeshakutangulia. Mtori mie nimeujua kuwa ni wa mzazi, mwanamke akijifungua anapewa arudishe nguvu. Pale asubuhi nimewakuta wanaume wazima wanne mezani, masharubu yote, kila mmoja na bakuli lake, na hakuna aliyejifungua. Nikaagiza na mie. Nikaagiza tena. Mama Salma asije akalisoma hili, maana alishaniuliza kama nimeupenda nikamwambia unavumilika.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha tulikwenda pia, ni karibu na mji. Twiga, nyati, mbega wenye mikia mirefu myeupe, na maziwa ya Momella yana heroe. Simba humo hawapo. Mama Salma akamuuliza dereva kama bei ya bila simba ni hiyohiyo.

Na Mlima Meru! Mlima wa zaidi ya mita 4,500 umesimama juu ya mji, na mie siku zote hizo sijauona. Wingu. Ukiuliza wenyeji wanakunyooshea kidole kwenye wingu na kusema "si ule pale". Mama Salma amelipiga wingu lile picha simu ikajaa, na kila picha ameiandika Mlima Meru.

Siku ya mwisho kabisa, Soko la Kilombero, kwa ajili ya parachichi. Mama muuzaji hakutaka masihara. "Mnafika lini?" Kesho jioni. "Zinaliwa lini?" Keshokutwa mchana. Akaanza kuzibonyeza moja moja kwa kidole gumba, hii weka, hii toa, hii ya keshokutwa asubuhi, hii ya keshokutwa mchana. Nilitamani nimuulize na ya kwangu, nitaiva lini. Tulitoka na gunia. Tulikusudia mfuko, lakini mama muuzaji alisema mama mkwe hapelekewi mfuko.

Saa kumi na moja alfajiri stendi, pumzi zinatoka moshi. Konda akashika gunia alitupe kwenye buti. Mama Salma akapiga yowe ambalo hata siku ya kumzaa Salma sikulisikia. Parachichi za watu zinabonyea! Kwenye njia hazikai, juu ya kichwa haziingii. Konda akajikuna.

"Basi mama, lilipie siti."

Nikacheka. Nikatazama pembeni kuona nani mwingine anacheka. Mama Salma alikuwa ameshaniingiza mkono mfukoni.

Gunia likapata kiti chake, nauli kamili, na ili lisibanwe likawekwa dirishani. Mama Salma pembeni yake, amelifunga mkanda. Mie nikapelekwa nyuma, upande wa pili, katikati ya kijana aliyelala begani kwangu na bibi mwenye kuku. Tulipokaribia Moshi basi zima likapiga kelele, Kilimanjaro umefunguka, theluji na kila kitu, upande wa kushoto. Nikanyanyuka. Konda akanikalisha, mzee trafiki mbele.

Mama Salma alipiga picha moja tu, akanitumia palepale nyuma nilipo. Mlima wenyewe hauonekani vizuri. Umezibwa na gunia.