Chesisi ya Detroit, bodi ya Adelaide: ibaki au ing'olewe?

Mtu anayefufua gari la Dodge Brothers la miaka ya 1920 nchini Australia huagiza mlango kutoka Marekani, unafika, haukai. Chesisi na injini ni za Detroit kweli, ila bodi huenda ilifungwa Adelaide. Mwaka 1917, katikati ya vita, serikali ya Australia ilibana uingizaji wa magari yenye bodi, na chesisi zikawa zinashushwa tupu. Holden, kampuni ya Adelaide iliyoanza 1856 kwa matandiko ya farasi, ikageukia bodi. Kufikia 1923 ilikuwa ikitoa kama 12,000 kwa mwaka. Si jambo geni kwetu: mabasi mengi ya Kenya hadi leo ni chesisi ya ng'ambo na bodi ya Nairobi au Mombasa.

Wanaotaka bodi ya Marekani wana hoja nzito. Ile ya Budd, kampuni ya Marekani iliyowaundia Dodge bodi, ilikuwa chuma kitupu kilichochomelewa, na vipande vyake vinatafutika. Ya Adelaide ni bati juu ya kiunzi cha mbao. Maji yakinasa katikati, mbao huoza na bati huliwa kwa ndani huku rangi ya nje iking'aa. Nguzo ya mlango ikishuka milimita chache, komeo halishiki tena.

Lakini gari hilo halikuwahi kuvaa bodi ya Marekani hata siku moja. Ukiivika leo kwa jina la uasilia, umeunda gari jipya lenye namba za zamani. Na mbao, kwa fundi mvumilivu, ni rahisi kuliko chuma: hakuna haja ya mashine ya kukunja bati.

Wengi huharibu kwa haraka. Hung'oa mbao zote, bati linalegea, na vipimo vinapotea. Bodi ibaki imefungwa kwenye chesisi. Kila uwazi wa mlango ukazwe kwa vyuma viwili vya mshazari, kisha toa nguzo moja, chonga nyingine, rudisha, ndipo uguse ya pili. Mbao iliyooza usiitupe: hata ikimomonyoka, inaonyesha matundu ya skrubu yalipokuwa. Chora umbo lake kwenye plaiwudi kwanza. Ukitumia mwaloni, weka skrubu za shaba nyeupe, kwa sababu tanini, asidi iliyomo ndani ya mti huo, hula chuma. Mlango ukigoma kufunga, usikimbilie randa. Ongeza au punguza vipande vya kusawazisha kati ya bodi na chesisi. Mara nyingi kosa liko huko chini.

Nawapa ushindi wenzetu wa upande wa pili mahali pamoja tu: pale palipobaki boneti na madigadi, bila mbao, bila picha, bila gari la mfano huohuo la kupimia. Hapo bodi ya mbao nayo itakuwa ya kubuni, na ya Budd angalau ina vipimo vinavyojulikana. Iandikwe tu kwenye karatasi za gari kwamba ilibadilishwa.