Simu imejuaje kama nakoroma?

Jamani ilianza juzi juzi tu. Niko zangu kitandani nimelala chali naskroli, sina ubaya na mtu, mara tangazo hilo hapo. Dawa ya kukoroma. Picha ya baba mmoja mnene kaachama mdomo kama mlango wa stoo, pembeni yake mwanamke kajifunika mto kichwani anaomba Mungu pakuche. Nikalipita. Nikashuka posti tatu nakutana nalo tena, ila safari hii jamaa ni mwembamba, nadhani walinichungulia wakaona na yule wa kwanza hatufanani. Kesho yake ikaja mikanda ya kufunga kidevu. Keshokutwa vile vidude vya kubana pua. Siku ya nne ikaja video ya daktari ananiangalia usoni kwa huruma kabisa, huruma ambayo hata ndugu zangu hawajawahi kunionyesha.

Sasa mi sikoromi. Hilo naomba lieleweke mapema kabla hatujaenda mbali. Sijawahi kuandika hilo neno kwenye simu, sijatafuta, sijamuuliza mtu, hata kwenye maongezi silitaji, nitalitajaje kitu kisichonihusu? Nikakaa nikawaza, hawa jamaa wametoa wapi hii habari ya uongo? Ndo akili ikanijia. Simu nalala nayo. Iko hapo chini ya mto usiku kucha na maiki yake. Kama kuna kitu kinaweza kujua navyopumua saa nane za usiku ni hiyo simu peke yake, ukimtoa mke wangu, lakini yeye ni mtu wangu.

Basi nikaanza vita. Nilikumbuka ile picha ya 2016, Mark Zuckerberg mwenyewe, bosi wa Facebook na Instagram, kapiga anashangilia Instagram kufikisha watu milioni 500 kwa mwezi, watu wenye macho wakaacha kumwangalia yeye wakaizumu laptop iliyokuwa nyuma yake kwenye meza, wakakuta kamera imezibwa na utepe na tundu la maiki nalo limezibwa. Wanasema mganga hajigangi. Huyu kajiganga, tena kwa plasta! Nikasema kama mwenye duka anaogopa bidhaa zake mimi mteja ni nani. Nikachukua selotepu nikaziba maiki ya simu yangu, nikaongeza na ya pili kwa usalama. Matokeo yake bosi kanipigia mara tatu hanisikii, mara ya nne akasema kama nimenuna niseme tu nimenuna, na mimi huku natukana selotepu lakini nayo haisikiki.

Nikamwita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasomea mambo ya kompyuta. Nikamweleza kesi nzima kwamba simu inanisikiliza usingizini na kunisingizia nakoroma. Yule mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Nilidhani anacheka ushamba wangu, nikamwacha amalize.

Akasema Anko, haikusikilizi bana. Eti mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern huko Marekani walichukua apu za Android zaidi ya 17,000 wakazichunguza kama kuna inayowasha maiki kimya kimya na kutuma sauti, hawakukamata hata moja. Nikashusha pumzi. Akaendelea, ila walikuta apu inarekodi video ya kioo chenyewe, unavyobofya na unavyoandika, afu inaipeleka kwa kampuni nyingine. Nikamuuliza hiyo ndo habari uliyokuja kunitulizia? Akasema Anko fikiria mwenyewe, kurekodi sauti ya kila mtu mchana na usiku na kuipakia, betri ingeisha saa ngapi, data ingeliwa kiasi gani, si ungeona tu? Na ya nini wahangaike hivo wakati kila kitu mnawapa wenyewe kwa mkono.

Mi nimempa nani nini?

"Si ulibofya Nakubali?"

Hapo kidogo nikanyamaza maana ni kweli nabofya. Nani anasoma yale maandishi, yana urefu wa hotuba tatu, yameandikwa na wakili kwa ajili ya wakili mwenzake, na wewe unataka tu kuona picha za watoto wa rafiki yako. Mpwa wangu akasema mwaka 2014 kampuni ya usalama wa mtandao ya F-Secure iliweka waifai ya bure London kama jaribio, kwenye masharti wakachomeka kipengele kwamba anayetumia anakubali kuwapa mtoto wake wa kwanza milele. Watu sita wakakubali kabla hawajakiondoa. Mi ningekuwa wa saba bila wasiwasi, na mtoto mwenyewe namjua, wangemrudisha kabla ya jioni na hela ya usumbufu juu.

Afu akanieleza la pili, na hili ndo liliniuma. Anasema hata usipoandika kitu wewe, kuna wanaokuzunguka. Simu mbili zinatumia waifai moja, usiku zinalala sehemu moja, asubuhi zinaamka pamoja, wale wauza matangazo wanahesabu kwamba hawa ni nyumba moja. Kwa hiyo mmoja akitafuta kitu, matangazo yanaweza kumfuata mwingine ambaye hana hili wala lile. Na ile tovuti unayoisoma, ndani yake kuna kijidude hukioni, kazi yake kurudi mtandaoni kusema fulani kapita hapa, kasoma hiki, katoka na mawazo. Na vidakuzi, vile vifaili vidogo tovuti inaviacha kwenye simu yako, ndo usiseme. Yule Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, aliyevibuni 1994 alitaka tu tovuti iweze kukumbuka mtu, basi, saivi vinakukumbuka kuliko mama yako mzazi.

Nikaingia chumbani nikamwambia mke wangu, nimeshamjua aliyetuchoma, ni wifi.

Akageuka haraka. "Wifi? Kafanya nini tena?"

Nikamwambia wifi ya ndani hapa, inatoa siri za nyumba nje. Akasema mbona wifi hajaja hapa karibu mwezi mzima. Tulibishana robo saa nzima mimi naongelea intaneti yeye anamtetea dada yangu, na kwa jinsi alivyokuwa anamtetea kwa nguvu vile ningetakiwa nishtuke, ila sikushtuka, mimi na akili zangu zote.

Na dada yangu mwenyewe si wa kutetewa kwenye haya mambo. Ni mtu wa zile chemsha bongo za mtandaoni, wewe ni mnyama gani, ungekuwa malkia ungetawala wapi, kila ikipita anajaza, kila ruhusa inayoombwa anatoa. Zile ndo zilileta balaa la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, lililofumuka 2018, watu kama 270,000 walijaza dodoso kwenye apu ya msomi mmoja anaitwa Aleksandr Kogan, taarifa zilizobebwa zikafika za watu mpaka milioni 87, kwa sababu enzi hizo apu ilikuwa inaruhusiwa kukomba na za marafiki zako Facebook. Yaani wewe umekaa kwako umetulia, rafiki yako anatafuta kujua kama yeye ni twiga, unauzwa wewe. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ikawapiga Facebook faini ya dola bilioni 5. Nikamuuliza mpwa wangu hizo bilioni waligawiwa wale milioni 87? Akaniangalia tu kama yule daktari wa kwenye video.

Basi nikasema potelea mbali, naomba faili langu. Kumbe inawezekana. Kuna kijana wa Austria, Max Schrems, alikuwa mwanafunzi wa sheria, mwaka 2011 aliwaomba Facebook wampe kila walichonacho kumhusu yeye, wakamtumia kurasa kama 1,200. Mwanafunzi! Mtu hata maisha hajayaanza. Nikaingia kwenye setingi za huu mtandao wangu, jina nauhifadhi wenyewe unajijua, nikaomba nakala. Hiyo sehemu yenyewe kuipata ni kama kutafuta mlango wa kutokea kwenye ndoto, ila kitufe cha kuposti kipo katikati ya kioo, kipofu anakiona.

Faili likaja. Jamani.

Kuna orodha ya vitu wanavyodhani navipenda. Wameandika napenda farasi. Mi farasi namuogopa. Wameandika ndondi, wameandika mitindo ya nywele, na nywele zenyewe zilishaniaga muda mrefu. Wameandika nataka kuhama nyumba, nikashtuka kidogo, maana hilo nililiwaza siku moja tu, kimoyomoyo, baada ya ugomvi. Chini yake kuna kila nilichowahi kutafuta, na saa yake, na dakika yake. Kuna jina la mtu fulani wa zamani nililitafuta mara 41. Tusiliongelee hilo. Niseme tu kwamba mara 38 kati ya hizo ilikuwa bahati mbaya, kidole kiliteleza.

Nikaendelea kushuka, ndo nikaikuta sehemu yenyewe. Orodha ya kampuni zilizopakia majina na namba za wateja wao, mtandao ukazilinganisha na namba niliyojisajilia mimi ukakuta zinafanana. Kampuni chungu nzima, wengine hata sijui wanauza nini. Na katikati hapo imekaa kimya kabisa, kampuni ya dawa za kukoroma. Namba yangu wanayo. Si kwamba walibahatisha, mtu kawapa!

Nikamwendea mke wangu na simu mkononi kama askari na kielelezo. Nikamwonyesha.

"Aah, hao," akasema. "Niliwaandikia mimi. Kulikuwa na fomu ya ushauri wa bure inataka namba ya simu, nikaweka yako."

"Kwa nini yangu?"

"Yangu ningeiwekaje baba watoto? Siku hizi watu wanachukua namba wanaziuza."

Nilisimama pale nikakosa neno. Huyu mwanamke ndo mtu pekee kwenye hii nyumba anayelinda faragha yake, na anailinda na mimi. Nikajikaza nikamwambia sawa, yaishe, lakini ushauri wa nini sasa, mi sikoromi. Hakujibu. Akachukua simu yake, akabofya, akaiweka mezani. Ikaanza kunguruma. Nikamuuliza hiyo pikipiki ya nani. Akasema subiri. Nikasubiri, ile pikipiki ikapanda mlima, ikazimika, kimya kirefu, ikawaka tena, afu katikati ya moshi nikasikia sauti yangu kabisa inasema "mwambieni bosi nakuja."

Dakika 47. Anazo nyingine.

"Kwa hiyo simu ilikuwa inanirekodi kweli," nikasema.

"Yangu," akasema. "Yako haina kosa, itoe hiyo selotepu."

Nikamwomba kitu kimoja tu kama mume wake wa ndoa, hiyo sauti isitoke humu ndani. Akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nikajua. Akasema hajaisambaza popote, kamtumia wifi tu.

Nikamuuliza wifi gani, ya intaneti au dada yangu?

Akasema kwani kuna tofauti, si wote wanasambaza.

Ndo nikaelewa yule mpwa wangu siku ile alikuwa anacheka nini.