Sita kwa Sita

Kisa hiki kilianzia mgongoni kwangu. Miaka minne tulilalia kitanda cha paini cha tano kwa sita nilichonunua enzi za ubachela. Chaga zake mbili zilikuwa zimekatika na pengo lake nimeliwekea kreti la soda kwa chini. Kila nikigeuka usiku, kreti linakohoa. Mwezi zamu yangu ya mchezo ilipofika na pesa ikashikika, nikamwambia mke wangu, sasa na sisi tunalala kama watu.

Nikaenda Keko. Pale mafundi wamepanga vitanda hadi pembezoni mwa barabara, na unaitwa "bosi" kabla mguu wa pili haujatoka kwenye daladala. Nilikuwa nimeonywa jambo moja tu: usije ukauziwa paini iliyopakwa rangi ukaambiwa mninga. Basi nikajifanya mjuzi. Nikashika kona ya kitanda kimoja cha sita kwa sita na kuinyanyua, maana paini hunyanyuka kama kiti cha plastiki. Hiki kiligoma. Nikapiga goti nikachungulia kwa ndani, mahali ambapo fundi mvivu hapapitishi vanishi, nikaona mbao ya kahawia tupu. Kichwa chake kilinifika kifuani, kimechongwa maua. Tukaanzia laki nane na nusu, tukaishia laki saba na ishirini, nikaondoka nikijiona nimemweza fundi.

Kabla sijaondoka aliniuliza swali moja tu. "Bosi, chumba umekipima?"

"Kumi kwa kumi," nikamjibu kwa kiburi. Na ni kweli, chumba chetu ni futi kumi kwa kumi. Kumi toa sita, nne. Ukumbi mzima huo!

Sikujua kwamba sita kwa sita ni ya godoro. Mbao zinazolizunguka hazimo kwenye hesabu. Kitanda chenyewe kilikuwa na upana wa futi 6 na inchi 4, na urefu, pamoja na lile kichwa la maua, futi 6 na inchi 8. Na katika ile kumi toa sita yangu sikutoa kabati, ambalo kina chake ni karibu futi mbili. Mlango, unaofungukia ndani, sikuufikiria kabisa.

Jumamosi kirikuu ikakileta kikiwa vipande. Kijana wa fundi akakifunga kwa boliti nane, kichwa akakiegemeza ukuta unaotazamana na kabati, akala wali wetu, akaenda zake. Kati ya kitanda na kabati ikabaki nafasi ya kupita ubavu kama kaa. Milango ya kabati ikawa inafunguka kiasi cha kupenyeza mkono. Unapapasa, unavuta, unavaa ulichojaliwa. Jumapili asubuhi nilivuta suruali ikatoka sketi.

Hilo ningelivumilia. Lakini ulikuwa mwezi wa pili, na mwenye kuijua Dar es Salaam anajua Februari ni mwezi wa namna gani. Dirisha letu ni moja, na kwa mpangilio ule lilikuwa ubavuni upande wa mke wangu. Upepo ukiingia unaishia kwake. Mimi kule kona ya ukutani nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha laki saba na ishirini nikitokota kama maharage. Usiku kucha nikapiga hesabu: tukikigeuza, kichwa kikienda chini ya dirisha, upepo utatugawia sawasawa, na hata nafasi ya kabati itaongezeka inchi nne.

Jumapili mchana mke wangu akaenda kikao cha harusi. Nyumbani tukabaki mimi, mdogo wake, yaani shemeji yangu, na binti yetu wa miaka mitano aliyekuwa sebuleni na katuni zake. Nikamwambia shemeji, kazi ya dakika tano. Akaniambia, "Iwe tano kweli shemeji, saa kumi na moja Simba na Yanga."

Godoro tukalitoa koridoni. Chaga tukazitoa pia ili kupunguza uzito. Sasa, mtu mwenye akili angefungua boliti nane akakigeuza vipande vipande. Spana namba 13 ilikuwepo, kwenye droo ya meza ya televisheni. Mimi nikasema ya nini usumbufu, tufunge mlango tupate nafasi, tukiinue upande mmoja tukizungushe kikiwa kizima.

Shuleni kidato cha pili tulifundishwa habari za Pythagoras, na nikawa nauliza, hii itanisaidia nini maishani? Kitanda cha vipimo vile, kona hadi kona, ni kama futi 9 na inchi 2. Chumba ukitoa kabati ni futi nane. Mzee wa Kigiriki alishamaliza kazi yake zamani, ni mimi tu sikusikiliza.

Tukakiinua. Kikazunguka nusu. Shemeji akasema, "Kinakuja, kinakuja," mikono ikachoka, kikatua kwa kishindo kilichotikisa vioo vya dirisha. Hakikuja tena. Kona ya kichwa ilikuwa imejibana chini ya ukingo wa kabati, na kona ya miguuni imeingia barabara chini ya mkono wa kitasa. Mimi niko pembeni ya dirisha. Shemeji amesimama katikati ya fremu, pale palipokuwa na chaga, kama mbuzi zizini.

Tukasukuma. Tukavuta. Tukapumzika. Mninga, ndugu zangu, ni mbao ya haki. Ule uzito niliousifia Keko ndio niliokuwa nao sasa. Simu yangu ilikuwa sebuleni inachajiwa. Ya shemeji ilikuwa na asilimia tatu, akazimalizia kwenye kuangalia kikosi kilichopangwa.

Nikamwita binti. "Mama, fungua droo ya televisheni, mletee baba spana. Kile chuma."

Miguu ikakimbia. Chini ya mlango ikapenyezwa uma. "Baba, ndo hii?"

"Hapana mama. Chuma kikubwa."

Ikaja ncha ya koleo la mkaa, ikakwama. Ikaja rimoti. Kisha akauliza, "Baba, kwani mnacheza nini humo?"

Na mimi, kwa kutaka asiogope, nikamjibu, "Tunacheza kombolela."

Kimya. Nikamwita, kimya. Shemeji akanitazama. "Shemeji, si amekwenda kujificha huyo?"

Saa kumi na moja ikafika. Tukasikia mtaa umetulia, halafu ghafla kelele ya goli, mabati yanapigwa, mtu anapita mbio akipiga filimbi. Shemeji ni Yanga, mimi Simba. Tulibaki tunatazamana ndani ya chumba kile, kila mmoja anaogopa kushangilia. Baadaye likaja lingine. Kwa kelele tu huwezi kujua mwenye goli, nimehakikisha.

Ndipo nikaanza kupiga hodi kwenye nyumba ninayolipia kodi. Nikagonga nondo za dirisha kwa kandambili mpaka mama mwenye nyumba akatokeza upande wa pili, kanga begani, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnanivunjia dirisha?"

"Hapana mama. Tumekwama na kitanda."

Akasogeza uso kwenye wavu wa mbu, akatukagua taratibu: mimi fulana imelowa chapa, shemeji ndani ya fremu. Akanywa chai funda moja. "Kitanda kizuri. Mninga?"

"Mninga, mama."

"Mmelipa bei gani?"

Nikamtajia, kwa sababu ukiwa umefungiwa huna siri. Akasikitika, akasema angenipeleka kwa mtu wake. Kisha akazunguka mlango wa jikoni, akaenda kwenye droo. Kwanza akapenyeza spana namba 10. Akarudi, akapenyeza namba 13, akaisukuma kwa nguvu kidogo, nayo ikateleza kwenye vigae hadi ndani kabisa ya mvungu, chini ya mbao ya pembeni. Tukasikia sauti yake kutoka koridoni: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba."

Shemeji akainama. Kitanda kilikuwa kifupi kwa chini na shemeji ni mtu wa mwili. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono na nusu ya kichwa viko mvunguni, mke wangu alipoingia na kinamama wawili wa kamati aliowaleta waje kuona kitanda kipya.

Hakuuliza kitanda. Aliuliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Amejificha," nikasema kupitia mlango.

"Amejificha wapi?"

"Ningejua asingekuwa amejificha."

Jibu hilo sitalirudia tena katika ndoa hii. Nyumba nzima ikaanza kumsaka, kinamama wa kamati na vitenge vyao vya sare, mama mwenye nyumba na kikombe chake, huku mimi nikifungua boliti kwa vidole vinavyotetemeka. Ya nne ilipotoka, kichwa cha maua kikaachia kikaniangukia kwenye dole gumba la mguu, na nikapiga yowe ambalo huko nje walidhani ni goli la tatu.

Binti alipatikana kwenye tenga la nguo chafu, amejifunika shuka, anakoroma. Katika nyumba ile siku ile alipumzika yeye peke yake.

Mechi ilikuwa imeisha sare, bao moja kwa moja. Shemeji aliambiwa na mpita njia, akaondoka bila kuaga.

Siku ya pili kijana wa fundi akarudi kukifunga. Kichwa sasa kiko chini ya dirisha, na upepo unaingia. Ila boliti zilipatikana saba. Ya nane tuliitafuta mvunguni, kabatini, mpaka kwenye lile tenga, haikuonekana. Kijana akasema saba zinatosha, akala wali, akaenda.

Usiku ule nililala chali, hewa inanipuliza usoni, nikaona kweli hiki ndicho kitanda. Nikageukia ubavu. Kitanda kikalia nyeee, kirefu, kama mlango wa kanisa la zamani. Nikajaribu ubavu wa pili. Nyeee.

Mke wangu akasema gizani, bila kufumbua macho, "Usigeuke."