Huku hakuna bomba la kwenda mtoni

Kwetu, ukivuka mto chini ya kiwanda cha nguo, tope lilikuwa likiacha nyayo zetu na rangi ya zambarau. Mama alitusugua kwa jiwe na haikutoka. Wakaguzi walikuja, wakapima maji bombani, wakaondoka na chupa zao. Ubishi ulikuwa mmoja miaka yote: uchafu umezidi kiwango au haujazidi?

Mwaka wa sita sasa naishi Tiruppur, kusini mwa India, mji unaokula kwa kufuma na kutia nguo rangi. Mto wao, Noyyal, uliharibika hadi wakulima wa bondeni wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru mamia ya viwanda vya rangi vifungwe mpaka visimwage hata tone. Watu wengi walikosa kazi, na hilo silichukulii kirahisi. Lakini ubishi wa viwango uliisha: huku kosa ni bomba lenyewe.

Nafanya kazi kwenye mtambo wa pamoja unaopokea maji ya viwanda jirani. Bakteria hula uchafu kwanza, kisha maji husukumwa kwa shinikizo kubwa kupita kwenye utando unaozuia chumvi. Sehemu kubwa hutoka safi na kurudi viwandani kutia rangi tena. Kinachobaki ni maji ya chumvi kali, rangi ya chai iliyochacha, nayo huchemshwa kwenye matangi yaliyopangana, mvuke wa moja ukipasha linalofuata. Hapo ndipo umeme na kuni huliwa hasa. Mwishoni hutoka salfeti ya sodiamu. Nimeishika: punje nyeupe zenye unyevunyevu, ambazo wapaka rangi huzirudisha kwenye madumu yao, kwa kuwa ndizo zinazofanya rangi ishike pamba.

Si kila kitu kimetatuliwa. Tope na chumvi iliyochanganyika bado hujaa magunia chini ya mapaa, na hakuna anayezitaka. Hata hivyo naona heri magunia ninayoweza kuyahesabu kuliko uchafu ndani ya kisima cha mtu.

Nyumbani naambiwa ni ghali mno. Kwa kiwanda kidogo peke yake, ni kweli. Ndiyo maana ningeanza na mtambo mmoja wa pamoja, kila kiwanda kikilipa kwa lita kinazoleta, na tarehe ya kuziba bomba ijulikane kwa wote kabla jiwe la msingi halijawekwa.